"Ili" au "Kwa Sababu"? Kisa cha Moyo, Vali Zake na Swali la Darasani



Hebu tuanze na swali la mtihani. Mche wa mahindi umewekwa karibu na dirisha, na baada ya siku chache umejipinda kuelekea nje. Kwa nini? Wengi wetu tutaandika: ili upate mwanga. Hata bibi nyumbani angejibu hivyo hivyo, na hakuna ambaye angemkosoa. Lakini mwalimu wa bayolojia aliye makini atakunyima alama. Yeye anataka umwambie kwamba homoni iitwayo auksini hukusanyika zaidi upande wa shina wenye kivuli, seli za upande huo zikarefuka kupita za upande wa pili, na shina likapinda. Mche hauna nia, atakwambia, wala haujui kuna kitu kinaitwa mwanga.

Haya, umekubali. Fungua ukurasa wa pili wa karatasi ileile: "Eleza jinsi utumbo mdogo ulivyoumbika kulingana na kazi yake." Hapo sasa usipotumia neno "ili" hupati kitu! Vijidole vya ndani ya utumbo ni vingi ili eneo la kufyonza chakula liwe kubwa, ukuta wake ni mwembamba ili chakula kipite upesi, damu ni nyingi pale ili ikibebe. Alama zote.

Sasa mwanafunzi ashike lipi? Nimesikia majibu ya aina mbili kwa vijana wenzangu. Kuna wanaosema kwamba sayansi inaogopa neno "ili" kwa vile linaelekea kwa Muumba, basi wakubwa wa sayansi wamelificha makusudi. Na kuna wale ambao wakishafika chuo kikuu huanza kusema kwamba "ili" ni maneno ya chuoni kwa maalim, yaachwe hukohuko. Ukiifuata historia ya swali hili utaona kwamba wote wawili wameruka sehemu kubwa ya kisa. Na katika kisa chenyewe yumo faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi, ambaye kazi yake ilikaa kwenye kabati la maktaba mpaka mwaka 1924.

ARISTOTLE NA NYONGO

Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Nabii Isa (A.S.), alisema neno "kwa nini" lina majibu ya namna nne. Chukua mlango. Umeundwa kwa mbao. Una umbo la mlango. Seremala ndiye aliyeutengeneza. Na upo ili watu waingie na kutoka. Majibu yote manne ni ya kweli na hakuna linalolifuta jingine. Alipowachambua wanyama alilipa uzito mkubwa jibu la nne. Meno ya mbele ni makali yapate kukata, ya nyuma ni mapana yapate kusaga.

Ila Aristotle alikuwa na breki. Jicho lina kazi, alisema, lakini rangi ya jicho, kwamba huyu ana la kahawia na yule la kijani, haina kazi yoyote, imetokea tu. Vilevile nyongo. Aliiona ni mabaki, takataka ya mwili isiyo na manufaa. Kwenye nyongo alikosea, maana leo kila aliyesoma habari za usagaji wa chakula anajua kwamba nyongo huvunja mafuta vipande vidogo vidogo. Liweke akilini hilo: mtu aliyeipenda "ili" kuliko wengi, aliikosa mahali ilipokuwepo.

Vitabu vyake vya wanyama vilitafsiriwa kwa Kiarabu, na al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 3 Hijria, akavitumia katika Kitab al-Hayawan yake mwenyewe, mara akimsifu na mara akimcheka. Lakini aliyewatawala matabibu kwa zaidi ya miaka elfu moja alikuwa mwingine.

JALINUS NA VITUNDU VISIVYOONEKANA

Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus, alizaliwa mwaka 129 Miladia katika mji wa Pergamon, ambao leo umo Uturuki, akafanya kazi Roma. Aliandika kitabu chenye sehemu 17 kuhusu kazi ya kila kiungo cha mwili, kuanzia vidole vya mkono. Hakuwa wa dini yetu, lakini alisema kuandika kitabu kile ni ibada iliyo bora kuliko kuchinja mafahali na kufukiza ubani, kwa vile kinaonyesha hekima ya aliyeumba. Baghdad ilipokuwa kitovu cha tafsiri, kikundi cha Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Hira, na mpwa wake Hubaysh, kilikitia kwa Kiarabu kwa jina la Manafi' al-A'da'. Nadhani hapo huhitaji mkalimani. Hayo "manafi'" ndiyo ndugu wa neno letu "manufaa". Manufaa ya viungo.

Sasa tuje kwenye moyo. Jalinus aliamini kwamba damu hutengenezwa kwenye ini kutokana na chakula, ikaenda mwilini kupitia vena na kutumika huko kama maji ya kumwagilia shamba. Sehemu ya damu hiyo huingia upande wa kulia wa moyo. Na upande wa kushoto je, damu iliyomo inatoka wapi? Katikati ya pande hizi mbili kuna ukuta mnene wa nyama. Jalinus, aliyepasua nyani na nguruwe na siyo watu, aliona kwenye ukuta huo vishimo vidogo, vipana mdomoni na vyembamba kadiri vinavyoingia ndani. Mwisho wake hakuuona. Akasema ni kwa sababu ni mdogo mno, na tena mnyama akishakufa viungo vyake hupoa vikasinyaa. Lakini, akaendelea, sisi tunajua kwamba maumbile hayafanyi kitu bure. Vishimo vile haviwezi kuwa vimetokea bila kazi. Basi lazima vinatokeza upande wa pili, na damu hupita humo.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Jalinus hakuviona vitundu. Alivitoa katika manufaa. Kwa kuwa vingekuwa na kazi nzuri, akahukumu kwamba vipo. Na watu wakaamini hivyo karne baada ya karne. Ibn Sina mwenyewe (alifariki 428 Hijria, 1037 Miladia) katika al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa kuanzia Bukhara hadi vyuo vya Ulaya, aliufuata mfumo huo wa moyo kwa jumla.

FAQIHI WA KAIRO

Ala al-Din Ibn al-Nafis alisomea utabibu Dameski, katika hospitali ya al-Nuri, kisha akahamia Kairo. Mchana anatibu na kusomesha utabibu, na vilevile akisomesha fiqhi ya Imam Shafi katika madrasa ya Masruriyya. Alipofariki mwaka 687 Hijria (1288) aliusia nyumba yake na vitabu vyake kwa hospitali ya al-Mansuri. Tunaofunzwa fiqhi ya Shafi hapa pwani tungefaa kumjua mapema, lakini wengi tunamaliza madrasa bila kusikia jina lake.

Mwaka 1242, akiwa kijana wa miaka kama 30 hivi, alimaliza Sharh Tashrih al-Qanun, sherehe ya sehemu za Qanun zinazohusu maumbile ya mwili. Katika utangulizi anaeleza njia yake, na kwangu mimi huu ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika kisa hiki. Anasema kwamba sharia, pamoja na huruma aliyo nayo, vimemzuia kupasua miili. Kwa hiyo kuhusu sura za viungo atategemea waliotangulia, hasa Jalinus. Ama kuhusu manufaa ya viungo, atategemea uchunguzi na fikra sahihi, na hatajali kama zimeafikiana na waliomtangulia au zimewapinga.

Alipofika kwenye moyo akawapinga. Ukuta ule, alisema, hapo mahali ni mnene na mgumu. Hauna njia inayoonekana kama wengine walivyodhani, wala hauna njia isiyoonekana kama Jalinus alivyodhani. Damu ya upande wa kulia hutoka kwa mshipa mkubwa, ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika huko na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto wa moyo kwa mshipa mwingine. Tena akasema kwamba kati ya mishipa hii miwili, ndani ya mapafu, lazima pana vipenyo vya kuipitisha. Alikataa pia usemi wa kwamba moyo una vyumba vitatu, akasema ni viwili.

Usidhani kwamba alishinda kwa kuitupa "ili". Yeye mwenyewe aliitumia. Mshipa unaotoka moyoni kwenda mapafuni una ukuta mgumu, alisema, ili kinachochujika kutoka humo kiwe chembamba. Na ule unaorudi una ukuta mwepesi ili uweze kukipokea. Tofauti yake na Jalinus ni kwamba hakuruhusu manufaa yaumbe tundu pasipo na tundu. Kwanza ukuta, kisha hikima ya ukuta.

Na hapa niweke sawa jambo moja, maana makala zetu za Ramadhani wakati mwingine zina chumvi. Ibn al-Nafis hakugundua mzunguko wote wa damu. Alieleza safari ya kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi. Kuhusu sehemu nyingine za mwili alibaki na ini la Jalinus. Wazungu walioandika habari za safari hiyo ya mapafuni, Michael Servetus mwaka 1553 na Realdo Colombo mwaka 1559, wanahistoria hawajakubaliana kama kuna lolote lililowafikia kutoka kwake. Ni mwaka 1924 ndipo daktari kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliposoma mswada wake katika maktaba ya Berlin na kuandika tasnifu juu yake huko Freiburg. Alichofanya Ibn al-Nafis kinatosha bila kuongezewa.

ILLA NA HIKIMA

Huwa najiuliza kama ni bahati tu kwamba mtu huyu alikuwa faqihi. Siwezi kuthibitisha kwamba fiqhi ndiyo iliyomfungua macho, lakini yeyote aliyekaa mbele ya ustadh akasoma usul al-fiqh ataona kwamba swali letu la darasani lina pacha wake pale.

Tuchukue mfano wa mwezi wa Ramadhani. Msafiri ameruhusiwa kufungua. Kwa nini? Utasema: ili asipate mashaka. Naam, hiyo ndiyo hikima. Lakini hukumu haikufungwa kwenye hikima. Imefungwa kwenye illa, nayo ni safari yenyewe. Ndiyo maana mtu aliyetoka Mombasa kwa basi la usiku, alfajiri ikamkuta njiani amelala kwenye kiti laini na kiyoyozi juu yake, ruhusa anayo hata kama hakuona taabu yoyote. Na mtu wa mjengo pale Kisauni, anayebeba mawe juani tangu asubuhi, hana ruhusa ya msafiri, ingawa mashaka yake ni mara kumi (akihofia madhara, hilo lina hukumu yake nyingine). Wanazuoni walifanya hivyo kwa kujua. Mashaka hayapimiki, kila mtu na yake. Safari inaonekana na inapimika.

Sasa rudi kwa mche wa mahindi. Auksini ni kama illa: ipo, inapimika, ukiiondoa shina halipindi. Kupata mwanga ni kama hikima. Anayeuliza illa ukamjibu hikima hujamjibu, hata kama ulichosema ni kweli. Na anayeuliza hikima, kama lile swali la utumbo, ukampa orodha ya homoni tu, naye hujamjibu. Mfano huu una mipaka yake, maana mimea haina hukumu za sharia, lakini kwangu ulinitolea ukungu mwingi kuliko kitabu chochote cha kidato.

Wanazuoni wa itikadi nao walilipitia. Maimamu wa Ash'ari walisema matendo ya Mwenyezi Mungu hayasukumwi na gharadhi, maana anayesukumwa na gharadhi ana upungufu anaotaka kuuziba. Lakini wakasema hayakosi hikima. Ibn al-Qayyim (alifariki 751 Hijria) alikwenda njia nyingine, akathibitisha kwamba Mwenyezi Mungu hutenda kwa hikima iliyokusudiwa, na katika Miftah Dar al-Sa'ada akajaza kurasa kwa kurasa za maajabu ya mwili. Imam Ghazali, katika al-Munqidh, anasema kwamba mwenye kusoma elimu ya kupasua viungo na manufaa yake hana budi kukiri kuna mpangaji aliye kamili. Walitofautiana kwa mengi. Lakini fikiria mtu wa zama hizo aliyesimama mimbarini akasema: tazameni vitundu vya ukuta wa moyo, hizo ndizo dalili za hikima ya Mola. Baada ya 1242 angesema nini? Vitundu havikuwepo! Hikima haikupungua kitu. Kilichoanguka ni maelezo ya Jalinus. Aliyezifunga mbili hizo kamba moja ndiye mwenye shida.

SENTENSI ILEILE, MATOKEO TOFAUTI

Tusonge mbele hadi Italia. Mwaka 1603 Fabricius, mwalimu wa Padua, alichapisha michoro ya vali ndogo zilizomo ndani ya vena. Aliuliza kazi yake akajibu haraka: ni za kupunguza mwendo, damu isije ikamiminika yote miguuni na mikononi. Mwanafunzi wake mmoja Mwingereza, William Harvey, alirudi nyumbani na jibu hilo halikumtosha.

Miaka mingi baadaye Robert Boyle alimuuliza Harvey ni nini kilichomtia katika fikra ya mzunguko wa damu, na Boyle akayaandika majibu katika kitabu chake cha 1688. Harvey alisema ni vali. Aliona zimewekwa namna ambayo damu inaweza kwenda kuelekea moyoni bila kizuizi lakini haiwezi kurudi. Na maumbile yenye uangalifu kama haya, aliwaza, hayakuweka vali nyingi hivyo bila kusudi.

Umeona? Ni sentensi ya Jalinus ileile. Maumbile hayafanyi kitu bure. Kwa Jalinus ilizaa vitundu vya uongo, kwa Harvey ikazaa ugunduzi mkubwa kabisa wa elimu ya mwili katika karne yake. Kilichofuata baada ya sentensi ndicho kilichowatenganisha. Vali zenyewe zinaonekana kwa macho, vitundu havikuonekana. Kisha Harvey hakukaa. Alifanya hesabu: tuseme moyo unatoa nusu aunsi tu ya damu kwa kila pigo, na kwa nusu saa unapiga zaidi ya mara 1,000. Hiyo ni aunsi 500, zaidi ya kilo 14, kwa nusu saa! Mwili mzima wa mtu mzima una lita tano hivi. Ini gani litatengeneza damu hiyo, na kutokana na chakula gani? (Mwenye kufunga angekwisha kabla ya adhuhuri.) Lazima ni damu ileile inayozunguka.

Alifunga mikono ya watu kwa kitambaa pia. Ukikaza sana, mkono unapoa na mapigo yanapotea. Ukilegeza kidogo, mkono unavimba na vena zinasimama. Unaweza kujionea mwenyewe kwa mkono wa babu, ambao mishipa yake iko juu juu. Bonyeza vena kwa kidole kimoja, kwa kidole kingine ikamue taratibu kuelekea juu hadi upite kifundo, kisha inua hicho cha juu. Utaona ule mstari ulio chini ya kifundo unabaki mtupu, damu haishuki. Kifundo kile ni vali. Harvey alichapisha haya mwaka 1628, na mchoro wa mkono huo ni maarufu mpaka leo. Jambo moja halikuonekana kwake: njia za kutoka ateri kwenda vena. Aliziona Marcello Malpighi mwaka 1661, kwa hadubini, katika mapafu ya chura. Vile vipenyo vya mapafuni alivyovisema Ibn al-Nafis.

Wakati huohuo Francis Bacon, ambaye Harvey alikuwa daktari wake, aliandika mwaka 1623 kwamba kutafuta makusudio katika elimu ya maumbile ni kazi isiyozaa. Watu wengi humnukuu Bacon kuonyesha kwamba sayansi iliifukuza "ili". Kwa kweli alitaka ihamishwe, iende kwenye falsafa ya juu. Na inachekesha kwamba mgonjwa anasema haizai, huku tabibu wake ameshika mimba ya kitabu cha mzunguko wa damu.

DARWIN NA NONDO

William Paley wa Uingereza, mwaka 1802, aliandika ule mfano wa saa iliyookotwa njiani: mwenye kuiona atajua ina mtengenezaji. Kijana Charles Darwin alikisoma kitabu hicho akakipenda. Mwaka 1859 akaleta maelezo mengine: viumbe hutofautiana, wale ambao tofauti zao huwafaa huacha vizazi zaidi, na taratibu kile kinachofaa huenea. Swali la asili ya mwanadamu na msimamo wetu juu yake linahitaji makala yake, na wenye elimu kuliko mimi wameliandika. Ninachotaka hapa ni jambo dogo zaidi: je, Darwin aliiua "ili"?

Tazama alichofanya mwaka 1862. Aliletewa okidi kutoka Bukini, yaani Madagascar, ua jeupe lenye mrija wa karibu sentimita 29, na maji matamu yako chini kabisa ya mrija. Akauliza: mrija mrefu hivi una kazi gani? Akajibu kwamba huko Bukini lazima kuna nondo mwenye ulimi wa kufika pale. Wadudu wa namna hiyo hawakujulikana, na wataalamu wengine walimcheka. Mwaka 1903 nondo huyo akaelezwa rasmi na kupewa jina la "aliyetabiriwa". Mwaka 1992 akashuhudiwa akinywa katika ua lile, na mwaka 2021 akahesabiwa kuwa aina yake peke yake. Miaka 130 kutoka swali hadi ushahidi kamili! Na swali lilikuwa la "kazi gani". Mwanabotania Asa Gray wa Marekani, mwaka 1874, alimsifu Darwin kwa kulirudisha kusudio katika elimu ya viumbe, na Darwin akamjibu kwamba neno hilo limemfurahisha kwa namna ya pekee.

Huyo huyo Darwin, pamoja na mwanawe Francis, mwaka 1880 walieleza majaribio ya vichipukizi vya nyasi. Ukifunika ncha, kichipukizi hakipindi. Ukifunika chini yake, kinapinda. Kwa njia hiyo ndipo Frits Went alipofika kwenye auksini mwaka 1928. Mtu mmoja basi, maswali yote mawili, na hakuyachanganya.

TURUDI DARASANI

Mwaka 1999 mtafiti Deborah Kelemen wa Marekani aliwauliza watoto wa shule ya msingi kwa nini mawe fulani yana ncha. Walipendelea jibu la kwamba ni ili wanyama wapate kujikuna, au ili wasikaliwe yakavunjika. Watu wazima walichagua habari ya vitu vidogo kurundikana kwa muda mrefu. Lakini mwaka 2013 yeye na wenzake waliwapa wanasayansi wa vyuo vikubwa vya Marekani sentensi za aina hiyo na kuwataka wajibu harakaharaka, na hao pia wakakubali zaidi zile zenye "ili" isiyo na msingi. Yaani "ili" tumezaliwa nayo, na elimu huitia adabu lakini haiing'oi.

Kwa hiyo mwalimu anayeipiga marufuku anapigana na kitu kisichotoka, tena anamnyima mwanafunzi swali lililompa Harvey njia. Na mwalimu anayeiachia tu anazalisha twiga wa kwenye mitihani yetu, yule aliyerefusha shingo "ili" afikie majani, kana kwamba aliamka siku moja akaamua. Mwanafalsafa Larry Wright mwaka 1973 alitoa kipimo ambacho darasani kinafaa: kusema kazi ya vali ni kuzuia damu kurudi maana yake ni kwamba vali zipo pale kwa sababu ndivyo zinavyofanya. Moyo hudunda kwa sauti pia, na daktari huisikiliza, lakini hakuna moyo uliopo kwa ajili ya sauti. Mawe yenye ncha hayapiti kipimo hicho. Vali zinapita.

Ningependa mwalimu amuulize mwanafunzi maswali mawili badala ya moja: kimetokeaje, na kinafanya nini? Kila jibu na alama zake. Mwenye kuandika "ili upate mwanga" apewe alama ya la pili na adaiwe la kwanza.

Mfano wa kujaribia upo tumboni mwetu. Kidole tumbo, kile kipande kidogo ambacho kikivimba hukatwa, Darwin mwaka 1871 alikitaja kama mabaki yasiyo na faida. Baadhi yetu tukarukia upande wa pili, tukasema lazima kina kazi, na atakayebisha amekufuru. Wengine wakakariri Darwin wakalala. Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, akina Randal Bollinger na William Parker, walipendekeza kwamba ni ghala la bakteria wenye faida, ambao hurudi kujaza utumbo baada ya kuharisha sana. Wanaeleza kwa nini wanadhani hivyo: nyama yake imejaa tishu za kinga, na mahali ilipo ni pembeni, hapapitwi na mkondo wa chakula. Bado ni pendekezo, na wengine wanaendelea kulipima hospitalini kwa wagonjwa waliokatwa na wasiokatwa.

Wabillahi tawfiq.